Anayezunguka Ndege

Kuna siku baba yangu alikuwa dereva wa treni na kuna siku hakuwa. Iliendelea hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa faiamani, yaani mtu wa moto kwenye injini ya mvuke, lakini alikuwa amefanya mtihani wa udereva akapita, na karatasi yake ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Madereva wakipungua, mmoja akiugua au mwingine akienda likizo, baba aliitwa. Siku hiyo alikaa upande wa dereva na mtu mwingine akachunga moto. Dereva mwenyewe akirudi, baba alirudi upande wake.

Watu hufikiri faiamani ni mtu wa kutupa makaa kwa sepetu. Injini za kwetu zilichoma mafuta mazito. Kazi ilikuwa kufungua na kufunga vali, kuangalia maji kwenye kioo na kuangalia rangi ya moshi. Kabla treni haijaondoka, dereva ndiye aliyeshuka na kopo la mafuta akaizunguka injini yote, akigusa hapa, akimimina pale, akiinama chini ya magurudumu. Faiamani alibaki juu na moto wake. Nilijua haya kabla sijajua kusoma vizuri, kwa sababu niliuliza. Niliuliza kila kitu. Mama alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nikiwa nimefungua mdomo ili niulize tumefika wapi.

Nyumba yetu ilikuwa Makueni, kwenye mgongo wa kilima ambapo ungeweza kuiona reli ikipita kule bondeni kama mshono kwenye nguo. Siku moja mama alisikia kutoka kwa mke wa mfanyakazi mwingine kwamba baba ataendesha treni ya mchana, na kwamba itasimama stesheni ya kwetu kuchukua maji. Alituogesha, kaka yangu na mimi, akatuvalisha nguo za Krismasi, tukateremka saa nzima kwa miguu. Kaka alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi sita. Treni ilipofika tulimwona baba. Alikuwa upande wa faiamani. Mtu mwingine alikuwa kwenye kiti cha dereva, mkono nje ya dirisha.

Baba alituona. Nina hakika alituona, maana tulikuwa peke yetu kwenye jukwaa, sisi na mbuzi wa stesheni masta. Aligeuza uso akashika vali, akaangalia mbele mpaka maji yakajaa na treni ikaondoka. Mama akasema, "Twendeni." Njiani hakuna aliyezungumza, na nyumbani hakuna aliyetaja jambo hilo, siku hiyo wala siku nyingine.

Injini za mvuke ziliondolewa na baba akaondolewa pamoja nazo. Walimwambia umri wake hautoshi kusomeshwa dizeli, wakimaanisha kwamba umri umezidi. Alirudi nyumbani akiwa bado faiamani mwenye karatasi ya udereva. Alipanda michungwa, akafanywa mzee wa kanisa, akanyamaza.

Kaka alisoma. Mimi niliacha shule darasa la sita, si kwa sababu ya kukosa karo bali kwa sababu kulikuwa na mashine ya kuchimba kisima inayofanya kazi karibu na shule na nilitaka kuona itafika wapi. Niliifuata mashine ile mpaka ng'ambo ya Kitui. Baada ya hapo nilikuwa utingo wa lori kwenye barabara ya Mwingi kwenda Garissa, nikauza mitumba kwenye soko la Tulia, nikavunja kokoto, nikachunga mbuzi wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Mwingi aliyenifundisha kuhesabu meno ya mbuzi na kuniachisha kazi siku hiyo hiyo kwa sababu niliuliza maswali mengi mbele ya mnunuzi. Sikukaa mahali. Sikuwa na huzuni wala furaha juu ya hilo. Kazi ikishaeleweka nilikuwa nimeimaliza.

Kaka alipelekwa Soroti, Uganda, kusomea urubani, akarudi akaajiriwa na kampuni moja ya ndege, na kwa miaka mingi alikuwa rubani msaidizi. Anayeketi kulia. Kisha, katika miaka ya themanini, nadhani mimi nilikuwa nakaribia thelathini, alipita mtihani wa ukapteni. Lakini kampuni haikuwa na nafasi. Ilichokuwa nacho ni msimu. Mwezi wa saba na wa nane, na tena Desemba, watalii walikuwa wengi na ndege za Mombasa ziliongezwa, na makapteni hawakutosha. Ndipo yeye na wenzake wawili walipohamishiwa kiti cha kushoto. Msimu ukiisha walirudishwa kulia. Na hata ndani ya msimu, kapteni mkubwa akiwepo na asiwe na ndege ya kurusha, kapteni wa msimu alimpisha.

Alipokuja nyumbani na habari hiyo baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umepita," baba akasema.

"Nimepita."

"Na unaitwa wakipungukiwa."

"Ndiyo, baba."

Baba akaondoka kwenda kuangalia michungwa. Sisi tulibaki mezani na nikaanza maswali yangu. Kaka alikuwa mvumilivu kwangu siku hizo. Alinipangia sahani mbili kuwa viti na kiberiti kuwa ndege. Alinieleza kwamba shida ya kuhama kiti ni mikono. Ukikaa kulia, usukani ni mkono wa kulia na nguvu za injini ni mkono wa kushoto. Ukihamia kushoto, mikono inabadilishana kazi, na wiki ya kwanza inagombana. Alikuwa akifanya mazoezi kwenye kiti cha jikoni kwake, mwiko huku na kikombe huku, mke wake akimcheka. Akanieleza kwamba usukani mdogo wa gurudumu la mbele, ule wa kuipeleka ndege ikiwa chini, uko kushoto peke yake, kwa hiyo anayeketi kulia hawezi hata kuitoa ndege mahali iliposimama.

"Na nani anaikagua kabla haijaruka?" nikauliza.

"Msaidizi. Kapteni yuko juu na makaratasi, msaidizi anashuka anaizunguka. Matairi, mabawa, kama kuna mafuta yanavuja."

"Kwa reli ni kinyume."

"Hii si reli," akasema.

Mwezi wa saba alianza kukaa kushoto. Mwisho wa mwezi huo alinipata Malili, ambako nilikuwa nikipakia vitunguu kwenye malori, akanipa bahasha. Ndani kulikuwa na tikiti mbili, za baba na yangu, Nairobi kwenda Mombasa na kurudi siku hiyo hiyo, Alhamisi ya pili ya mwezi wa nane.

"Alhamisi hiyo ni yangu," akasema. "Nimeangalia ratiba mara tatu. Umlete."

"Nitamleta."

"Sikiliza. Anikute kushoto. Akija anikute kulia, ni heri asije kabisa." Aliliangalia lori, hakuniangalia mimi. "Unakumbuka ile siku ya stesheni?"

"Nakumbuka."

"Basi."

Hilo ndilo alilolitaka, na lilikuwa jambo moja tu. Baba amwone mtu wa nyumba yake kwenye kiti chenyewe.

Baba alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Alinyolewa Jumatano. Nilimwambia tulale kwa kaka Nairobi ili tusichelewe, akakataa, akasema abiria hawalali nyumbani kwa dereva, dereva anahitaji kupumzika. Kwa hiyo tuliondoka alfajiri tukadandia lori la vitunguu la rafiki yangu pale Malili. Baba alikaa mbele akiwa amevaa suti ya kanisani, kofia mapajani, na kopo la muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ambalo mama alimfungia kaka kwa kitambaa. Dereva wa lori alimwita mzee, akamuuliza anakwenda wapi amependeza hivyo.

"Mombasa," baba akasema.

"Na unapanda vitunguu?"

"Vitunguu mpaka Embakasi. Kutoka hapo mwanangu ananiendesha."

Tulishushwa kwenye njia panda ya uwanja wa ndege, tukatembea. Baba hakuchoka. Kwenye kaunta msichana aliangalia tikiti, akatupa kadi mbili za kuingilia ndani ya ndege. Nilizitia zote mbili mfukoni mwangu. Tukapelekwa kwenye chumba cha kusubiri kilichokuwa na ukuta mzima wa kioo, na nyuma ya kioo, karibu sana, palikuwa na ndege. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri, ya injini mbili za mapanga, mabawa juu ya madirisha. Upande wake wa kushoto ulituelekea.

Baba alisimama mbele ya kioo kofia mkononi. Mimi nikasimama kando yake.

Mlango wa nyuma wa ndege ulikuwa wazi na ngazi imewekwa. Kaka akashuka. Alikuwa na shati jeupe na tochi ndogo. Alianza mbele, kwenye gurudumu la pua, akainama. Akaligusa tairi kwa kiatu. Akapita chini ya bawa akitazama juu, akasimama kwenye injini, akapitisha mkono kwenye panga moja moja, akachuchumaa kwenye magurudumu makubwa, akamulika. Akaenda mpaka mkiani. Akatokezea upande mwingine.

Nikatazama juu kwenye dirisha la mbele. Kiti cha kushoto kilikuwa na mtu. Mzungu mzee mwenye nywele nyeupe, miwani puani, anaandika.

Sikuhisi kitu cha ajabu. Nakumbuka niliangalia kama kuna njia nyingine ya kuielewa picha ile na haikuwepo. Kapteni mkubwa alikuwa amerudi, au alikuwa hana ndege siku hiyo, na kaka alikuwa amempisha. Nyumbani hatukuwa na simu. Pengine alijua jana jioni, pengine alijua asubuhi ile akiwa ameshavaa.

"Umemwona?" baba akaniuliza.

"Nimemwona, baba."

"Anaizunguka. Umeona anavyoigusa? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku zangu." Hakuwa akitabasamu, lakini sauti yake ilikuwa imelegea namna ambayo sikuwahi kuisikia. "Anayezunguka ndiye aliyeitia sahihi. Mwingine anabaki juu na moto."

Niliingiza mkono mfukoni nikazigusa zile kadi.

"Na yule pale juu ndiye faiamani wake," baba akasema. Alimtazama mzungu yule kwa muda. "Mzee kama yule, na bado ni faiamani."

"Ndiyo."

"Labda aliacha shule," akasema, akanitupia jicho.

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na maelezo yote, viti, mikono, usukani mdogo. Niliyafikiria moja baada ya jingine kama mtu anayepekua mfuko. Tukipanda, mlango ukifungwa, sauti itatoka juu itaje jina la kapteni na jina la msaidizi wake. Ndivyo kaka alivyokuwa amenieleza. Baba hakujua Kiingereza kingi lakini neno kapteni alilijua na jina la mwanawe alilijua. Angekaa kwenye kiti, mkanda tumboni, bila pa kugeuzia uso. Na kaka mbele kule angejua baba yuko nyuma yake amesikia.

"Naenda choo," nikasema.

"Si ulienda?"

"Tumbo."

"Ni yale mayai ya barabarani. Nilikwambia. Usikawie."

Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi. Niliingia nikafunga mlango kwa ndani nikakaa juu ya kifuniko. Kadi zote mbili zilikuwa mfukoni. Nilizitoa nikazisoma. Niliisoma kila namba. Kisha nikaangalia jinsi tangi la maji lilivyofungwa ukutani, skrubu nne, moja haipo, nikajaribu kuelewa kwa nini halikuanguka. Abiria wakaitwa. Nilisikia miguu. Wakaitwa mara ya pili. Mara ya tatu wakataja jina la baba, likatamkwa vibaya, halafu jina langu. Mtu akagonga milango ya vyoo akiuliza kama kuna abiria wa Mombasa. Niliinua miguu yangu nikaiweka juu ya kifuniko. Jina la baba likatajwa tena. Nilingoja mpaka niliposikia injini, ya kwanza, kisha ya pili, na sauti ikahama.

Nilipotoka, chumba kilikuwa tupu. Baba alikuwa amesimama palepale kwenye kioo, kofia kichwani sasa, kopo la muthokoi chini ya kwapa. Mfanyakazi mmoja wa kiwanja alikuwa kando yake akimweleza kitu kwa mikono. Ndege ilikuwa mbali, inageuka.

"Wewe," baba akasema bila kugeuka. "Hata choo kinakushinda."

"Samahani, baba."

"Walinikataza kupita bila karatasi. Karatasi unazo wewe. Nikawaambia ni mwanangu anaendesha, wakasema hata akiwa nani." Akamnyooshea kidole mfanyakazi. "Huyu hapa alitaka kunisaidia."

Mfanyakazi yule alinitazama. "Bro," akaniambia kwa sauti ya chini, "nimegonga ule mlango."

"Sikusikia," nikasema.

Ndege ilikimbia, ikainuka. Baba aliifuata kwa macho mpaka ikawa doa, akaendelea kuangalia baada ya doa kuisha. Nilingoja anikasirikie. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kule chooni. Lakini alipogeuka alikuwa mtulivu.

"Ameiinua vizuri," akasema. "Haikutikisika."

Tulirudi kwa basi. Muthokoi tulikula sisi. Tulipofika Sultan Hamud baba alikuwa ameshamsimulia mwanamke aliyeketi kando yake jinsi mwanawe alivyoizunguka ndege, na mwanamke yule alisema Bwana asifiwe, na baba, ambaye kwa kawaida hakuzungumza na mtu ndani ya gari, akaanza tena tangu mwanzo.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Hakuwahi kutoa ushuhuda tangu nimjue. Alisema maneno machache. Kwamba alikuwa mtu wa moto maisha yake yote, na Mungu amemwonyesha mwanawe akiizunguka mashine yake kabla ya kuirusha, na ameona kwa macho yake. Watu walipiga makofi. Kisha mtu akauliza Mombasa kulikuwaje, na ikabidi aeleze habari ya choo. Kanisa lilicheka kwa muda mrefu. Habari ile ilinitangulia kila nilikokwenda. Hata Tulia sokoni, mwanamke aliyeniuzia chai alikuwa akiniuliza nikikaa, "Umemaliza, au ndege isubiri?" Nilizoea.

Kaka hakuja mpaka msimu ulipoisha, mwezi wa tisa. Alikuja Jumapili na gari lake, akala nasi. Nilikuwepo kwa sababu mama alimtuma mtu anitafute. Kaka alinisalimu bila kunishika mkono. Yeye alijua tu kwamba tulifika, tukachukua kadi, na hatukupanda. Nadhani alikuwa na mawazo yake kuhusu sababu, na nadhani moja ya mawazo hayo lilikuwa kwamba baba alimwona mzungu akageuka kurudi nyumbani, kama alivyogeuza uso ile siku. Alikula akiinamia sahani.

"Baba yangu," baba akamwambia. Kwa desturi ya kwetu kaka alikuwa na jina la babu, kwa hiyo baba alimwita hivyo akifurahi, na hakuwa amelitumia jina hilo kwa miaka. "Nilikuona."

Kaka aliweka kijiko chini.

"Uliligusa tairi la mbele kwa kiatu. Halafu ukapita chini ya bawa. Ulipofika kwenye panga la pili ulirudia. Kwa nini ulirudia?"

"Kulikuwa na alama," kaka akasema polepole. "Nilitaka kujua kama ni ufa."

"Nilijua. Nikamwambia huyu, anayezunguka ndiye dereva. Dereva ndiye huzunguka, sivyo?"

Mama alikuwa akimimina maji. Kaka aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Niliendelea kutafuna. Sina hakika uso wangu ulionyesha nini, sidhani ulionyesha kitu.

"Ndiyo, baba," kaka akasema. "Dereva ndiye huzunguka."

"Na yule mzungu mzee? Anafaa?"

"Ni mtu mzuri. Anakaribia kustaafu."

"Bila kupita?"

Kaka alikichukua tena kijiko. "Bila kupita," akasema.

"Maskini," baba akasema kwa dhati, akamwongezea kaka nyama.

Jioni nilimsindikiza kaka kwenye gari. Alifuta kioo cha mbele kwa kitambaa ingawa hakikuwa na vumbi.

"Uliumwa tumbo kweli?"

"Hapana."

Alikunja kitambaa, akakiweka. Nilifikiri atasema jambo. Niliuliza, ili tu kuwe na maneno, kama kutoka kushoto kurudi kulia mikono inagombana vilevile.

"Niache na mambo ya ndege," akasema. Si kwa hasira. Akaondoka.

Tangu siku hiyo hakunieleza tena jambo lolote la kazi yake. Nilijaribu mara mbili tatu. Nilikuwa na maswali mengi, kuhusu mawingu, kuhusu redio. Alijibu kwa neno moja au alimwita mtoto wake. Nilielewa kwamba nilikuwa nimeona mahali ambapo hakutaka mtu aone, na kwamba kumsaidia hakukubadilisha hilo. Nilienda zangu Mwingi nikakaa miaka miwili na watu wa lori.

Aliendelea kuwa kapteni wa msimu kwa muda mrefu, miaka mitano au sita. Kisha wakampa kiti chenyewe, cha mwaka mzima. Tulikuwa tumeingia miaka ya tisini. Alikuja nyumbani siku ya kazi, si Jumapili, na tikiti mbili, safari hii za baba na mama. Nilikuwepo kwa bahati tu, nilikuwa nimepitia kuchukua blanketi. Baba alikuwa kwenye michungwa, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, miguu imeanza kumvimba.

Kaka alimweleza. Siku yoyote atakayochagua. Hakuna wa kumpisha. Atampeleka mpaka mbele, amwonyeshe kila saa ya vipimo na kila vali.

Baba alizishika tikiti akazitazama pande zote mbili, akamrudishia.

"Mpe mtu ambaye hajaona," akasema. "Mimi nilishaona."

"Baba, siku ile hukupanda."

"Kupanda ni kukaa tu. Hata gunia linapanda. Mimi nilikuona kazini." Akampiga begani kidogo. "Mpeleke mama yako."

Kaka alijaribu tena baada ya chakula, na tena asubuhi. Alisema ndege ya sasa ni kubwa zaidi. Alisema ni yeye mwenyewe sasa, wa kudumu. Baba alimwangalia kwa upole kama mtu anayejisifu bila haja. "Kwani siku ile ulikuwa nani?" akasema.

Nilikuwa nikifunga blanketi langu kwa kamba kaka aliponifuata nyuma ya ghala.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Unajua. Mwambie alichokiona siku ile kilikuwa nini. Halafu atakuja."

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye ulimwacha aamini."

"Wewe ndiye ulimwambia dereva ndiye huzunguka."

 Alikuwa na tikiti mkononi bado. Alikuwa ameanza kunenepa, na kwenye jua niliona mvi juu ya masikio yake. Nikahesabu kichwani miaka aliyobakiza kabla ya kustaafu na miaka ambayo miguu ya baba ingeruhusu, na sikumwambia nilichopata.

"Nikimwambia," akasema, "nitakuwa nimemwambia nini, kweli? Kwamba siku ile nilikuwa kulia?"

"Na kwamba ulimkubalia hapa mezani."

"Na kwamba alisimama kanisani akasema."

"Hilo pia."

Tulisimama pale. Kuku walikuwa wakichakura kati yetu. Mama akatuita chai, mara moja, halafu tena, tukaenda. Baba alikuwa ameshaketi, amejisogezea kikombe.

"Mnazungumza nini huko nyuma kama wasichana?" akatuuliza.

"Mambo ya gari," kaka akasema, akavuta kiti.